Risasi tatu kwa kila askari: batalioni ya kijani ya Lejioni ya Kijerumani pale La Haye Sainte, 1815

Alasiri ya tarehe 18 Juni 1815, ndani ya ua wa shamba la La Haye Sainte, Meja Georg Baring aliamuru risasi zilizobaki zihesabiwe. Wafaransa walikuwa wamerudi nyuma kidogo kujipanga upya. Hesabu ilipokamilika, ilionekana kwamba kila askari amebaki na risasi tatu, wenye bahati nne. Asubuhi kila mmoja alianza na 60.

Baring alikwisha kutuma afisa nyuma kuomba risasi. Akatuma tena, na tena. Kila mara aliletewa watu wa kumsaidia, na kila mara risasi hazikuja. Ilipokaribia saa kumi na mbili jioni, Wafaransa walipanda juu ya kuta na mapaa, wakapiga risasi kuelekea uani, na waliokuwa chini hawakuwa na cha kujibu. Shamba likaanguka, na kwa muda katikati ya mstari wa Wellington, jemadari wa Waingereza na washirika wao, pakabaki pengo ambalo lingeweza kumpa Napoleon ushindi wa Waterloo.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa ulikuwepo kweli. Lakini kila ninaporudi kukisoma, macho yangu hayatui kwenye singe wala kwenye farasi, hutua kwenye koti. Batalioni ile ilivaa kijani katika jeshi lililovaa nyekundu, na rangi hiyo haikuwa pambo. Ilimwambia yeyote anayejua kusoma sare kwamba watu hawa wanabeba bunduki ya aina nyingine, yenye risasi ya kipimo kingine. Naamini aliyewapanga pale hakuusoma ujumbe huo hadi mwisho.

Jeshi lililovunjwa likashonwa upya

Hanover ilikuwa nchi ya kaskazini mwa Ujerumani, na mtawala wake alikuwa huyohuyo Mfalme George wa Tatu wa Uingereza: mtu mmoja, viti viwili. Katikati ya mwaka 1803 jeshi la Ufaransa chini ya Jenerali Mortier liliivamia. Hapakuwa na vita vya maana. Kwa mkataba wa Artlenburg wa tarehe 5 Julai, jeshi la Hanover lilivunjwa, silaha zikachukuliwa, na askari wakarudi makwao mikono mitupu.

Kabla mwezi haujaisha, tarehe 28 Julai, mfalme alimpa Friedrich von der Decken kibali cha kuandikisha askari wa kigeni kwa ajili ya Uingereza. Habari ikapenya vijijini. Wafaransa walikataza watu kuondoka, lakini watu waliondoka usiku, kwa mashua za wavuvi, wakavuka bahari. Baadaye, Waingereza walipokiteka kisiwa cha Heligoland mwaka 1807, kisiwa hicho kikawa mlango wa kupitishia waliokuwa wakitoroka kwenda kujiandikisha. Mwisho wa 1803 waliokwishafika walikuwa wengi kiasi cha kikosi kupewa jina jipya, Lejioni ya Kijerumani ya Mfalme, na mwana wa mfalme, Adolphus, Mtawala wa Cambridge, akawekwa kuwa mkuu wake.

Ilikua hadi ikawa jeshi kamili ndani ya jeshi. Ilikuwa na batalioni nane za askari wa mstari, batalioni mbili za askari wepesi, rejimenti tano za farasi, mizinga ya kukokotwa na farasi pamoja na ile ya askari wa miguu, na wahandisi wake. Kwa miaka yote ya uhai wake walipita humo watu wapatao 28,000. Walipigana Copenhagen, Ureno, Hispania, Sicily na kwenye vinamasi vya Walcheren. Tarehe 23 Julai 1812, pale García Hernández, wapanda farasi wake wazito walivunja miraba ya askari wa miguu wa Kifaransa, yaani askari waliojipanga pande nne na singe zikielekea nje. Hilo ni jambo ambalo wapanda farasi wengi walilijaribu vita nzima wasilifanikishe hata mara moja.

Wapo wanaowaita mamluki. Sikubaliani nao. Mamluki hupigania mshahara wa mtu asiye wake, na hawa walimpigania mtawala wao wa kuzaliwa naye, isipokuwa alikuwa akiishi ng'ambo. Ni kweli kwamba miaka ilivyosonga wakaingia pia Wapolandi, Waholanzi na wengine, baadhi wakitolewa moja kwa moja kwenye mahabusu za wafungwa wa vita. Lakini baada ya amani ya 1814 wasio wa Hanover waliruhusiwa kuondoka. Uamuzi huo ulirudisha Lejioni kwa wenyewe, na pia uliipunguza sana, kama tutakavyoona.

Kusoma koti

Askari wa mstari wa Lejioni, ukimwona kwa mbali, ni Mwingereza mtupu. Koti jekundu, mikanda meupe iliyokatana kifuani, kola na mapindo ya mikono ya buluu iliyokolea. Buluu hiyo ndiyo waliyovaa vikosi vya Kiingereza vilivyobeba jina la mfalme, kwa hiyo Mjerumani aliyetoroka kwao kwa mashua ya mvuvi alivishwa heshima ambayo rejimenti nyingi za Uingereza hazikuwa nayo. Alilipwa kama Mwingereza, alifundishwa gwaride la Kiingereza, na bega lake lilibeba gobori lilelile la Kiingereza. Tofauti ungeisikia pale tu anapofungua mdomo.

Wapanda farasi wepesi walivaa kihusari, makoti ya buluu yaliyojaa nyuzi kifuani na manyoya begani. Ulizitambua rejimenti zao kwa kola: nyekundu kwa ya kwanza, nyeupe kwa ya pili, manjano kwa ya tatu. Wapanda farasi wazito walivaa nyekundu hadi Desemba 1813, walipogeuzwa kuwa wepesi wakabadilishiwa makoti kuwa ya buluu. Watu wa mizinga nao walivaa buluu, kama wenzao wa Kiingereza.

Sasa zile batalioni mbili nyepesi. Hao walivaa kijani kilichokolea kama jani la mwembe. Kola na mapindo yao yalikuwa meusi, mikanda ya ngozi myeusi, suruali za kijivu. Hakuna cheupe cha kung'aa kifuani wala uzi wa kumetameta juani. Batalioni ya kwanza ilikuwa na safu moja ya vifungo mbele ya koti, ya pili ilikuwa na safu tatu. Hii ya safu tatu ndiyo iliyokuwa ya Baring.

Mshoni hakuchagua kijani kwa sababu ya urembo. Kazi ya hawa ilikuwa kutangulia mbele ya mstari, kujificha nyuma ya ua na mawe, kulenga mtu mmoja mmoja. Kwa kazi hiyo walipewa bunduki ya Baker, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa karne ile. Wanaolijua gobori la wawindaji wetu wataielewa haraka. Hujazwa kwa mdomo wa mtutu, huwashwa kwa jiwe la gumegume, hutoa moshi mwingi. Tofauti ni kwamba gobori ndani ni laini kama bomba, na risasi yake huwa ndogo kidogo kuliko mtutu ili iteremke upesi. Ikitoka hutoka ikigongagonga kuta, na zaidi ya mita 100 mlengaji hana hakika itampata nani. Baker ilikuwa na mifereji saba iliyojisokota ndani ya mtutu. Risasi yake ilifungwa kwenye kipande cha ngozi au kitambaa chenye mafuta, ikasindiliwa ibane, na ikitoka ilitoka ikizunguka. Mlengaji mzuri aliweza kumpata mtu kwa mita karibu 200.

Gharama yake ilikuwa muda. Mwenye gobori, akifundishwa vizuri, alipiga mara tatu kwa dakika. Mwenye Baker, akiijaza inavyostahili, alipiga mara mbili au chini ya hapo. Na palikuwa na gharama ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki. Mtutu wa Baker ulikuwa na kipenyo cha milimita 15.9, na risasi ya gobori la Kiingereza ilikuwa na kipenyo cha karibu milimita 17.5. Hata uigonge kwa nyundo, haiingii.

Sasa tazama brigedi ya Kanali Christian von Ompteda, ambayo Baring alikuwa chini yake. Ilikuwa na batalioni nne: ya kwanza na ya pili nyepesi, na ya 5 na ya 8 za mstari. Mbili za kijani, mbili nyekundu. Brigedi moja, mkuu mmoja, lugha moja, ila bohari mbili za risasi zisizoweza kusaidiana. Uwanja wa mazoezi hauonyeshi kasoro ya mpango kama huo. Kasoro hujitokeza pale batalioni moja inapochomolewa na kuwekwa peke yake mbele.

Shamba

La Haye Sainte ipo hadi leo, kando ya barabara kuu itokayo Charleroi kwenda Brussels, mita mia mbili na kitu mbele ya mahali palipokuwa katikati ya mstari wa Wellington. Ni nyumba, mazizi na banda kubwa la mavuno, vyote vimezunguka ua na kuunganishwa na ukuta. Upande wa Wafaransa palikuwa na bustani ya miti ya matunda. Upande wa Waingereza palikuwa na bustani ya mboga, na ndani ya nyumba kulikuwa na njia nyembamba ya kutokea huko. Lango kuu lilielekea barabarani. Banda la mavuno lilikuwa na mlango mpana uliofunguka upande wa pili, kwenye mashamba.

Batalioni iliingia pale jioni ya tarehe 17, mvua ikimwagika. Ilikuwa na kombania sita tu, maana baada ya wale wasio wa Hanover kuondoka, batalioni za Lejioni zilikuwa zimekunjwa, na maafisa waliozidi wakapelekwa kuwafundisha wanamgambo wapya wa Hanover. Baring mwenyewe aliandika kwamba watu wake hawakufika 400.

Usiku ule askari walikuwa wameloa hadi mifupani. Wakang'oa mlango wa banda la mavuno, wakaukata kuni, wakaota moto. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kesho yake mlango ule ungekuwa na thamani kuliko mzinga. Kulipokucha wakaambiwa washikilie shamba, na tundu lenye upana wa gari zima likawa wazi mbele ya adui.

Baring alitaka kuziba na kutoboa: kuziba milango, kutoboa matundu ya kupigia risasi ukutani. Hakuweza. Kwa nini? Mafundi wa batalioni, wale wenye mashoka na misumeno, walikuwa wameamriwa waende shamba la Hougoumont kusaidia kuliimarisha lile. Baghala aliyebeba majembe na sururu alipotea siku iliyotangulia. Ndani ya shamba zima hapakuwa na hata shoka moja. Walitoboa ukuta kwa walichokuwa nacho, matundu yakawa machache.

Shambulio kubwa la kwanza lilikuja karibu saa nane mchana, jeshi la Jenerali d'Erlon wa Ufaransa likiteremka bondeni kwa maelfu. Baring alikuwa na watu nje, kwenye bustani ya matunda, wakasukumwa hadi ndani. Batalioni ya Lüneburg ya wanajeshi wapya wa Hanover ilitumwa kumsaidia, ikashikwa uwanjani na wapanda farasi wa Kifaransa wenye dirii vifuani, ikachanwachanwa. Wapanda farasi wa Kiingereza wakaja kuwafagia Wafaransa, shamba likapumua. Ndipo zilipokuja kombania mbili kutoka batalioni ya kwanza nyepesi. Hao walikuwa wenzao wa kijani, wenye Baker na risasi zao mikobani.

Shambulio la pili likaelekezwa kwenye lile tundu la banda. Wafaransa waliingia wakipigwa hapohapo mlangoni, na walioanguka wakawa kizuizi kwa waliokuwa nyuma yao. Baring alihesabu maiti 17 pale, zimelaliana, na wenzao wakizitumia kama ukuta wa kujikinga. Baada ya shambulio hilo aligundua kwamba zaidi ya nusu ya risasi zimekwisha. Akatuma afisa, akaahidiwa zitaletwa.

Hazikuletwa. Ikaja kombania nyepesi ya batalioni ya 5 ya mstari. Hawa walikuwa ndugu wa brigedi moja na Wajerumani wenzao, lakini koti lao ni jekundu na bunduki yao ni gobori. Kisha wakaja watu wapatao 200 wa Nassau.

Nassau wananivutia kuliko wengine wote, kwa sababu nao walivaa kijani. Mtu aliyesimama juu ya kilima na kutazama kwa darubini angeona kijani kikiingia kuongezea kijani, akaridhika. Lakini kijani cha Nassau kilikuwa rangi ya dola yao tu, haikusema lolote kuhusu bunduki, nao walibeba gobori. Risasi zao hazikumfaa hata askari mmoja wa Baring.

Walileta kitu kimoja kilichofaa: sufuria kubwa za kambi, walizozibeba mgongoni. Wafaransa, waliposhindwa kuingia bandani, walilitia moto. Ndani mlikuwa na nyasi kavu kidogo tu, kwa bahati, kwa kuwa nyingi zilikwisha kutumika usiku, lakini moto ulishika. Uani palikuwa na kidimbwi. Baring alimvua mmoja wa Wanassau sufuria yake mgongoni, akaichota maji, akaingia nayo motoni. Maafisa wakamfuata, kisha askari, na punde hapakubaki Mnassau mwenye sufuria mgongoni. Moto ukazimwa kwa maisha ya watu wengi.

Wakati huo Friedrich Lindau, askari wa kawaida, alikuwa akipigana kwenye mlango wa nyuma wa banda na damu ikimtiririka kutoka vidonda viwili kichwani. Baring alimwamuru arudi nyuma. Alijibu kwamba mtu atakayemwacha mkuu wake ilhali kichwa bado kipo shingoni ni mhuni. Akabaki.

Ikafika ile hesabu ya risasi tatu. Askari walimwambia Baring kwamba hawatamwacha, watakufa naye, ila wapewe cha kupigania. Aliandika baadaye kwamba hakuna kalamu inayoweza kueleza alivyojisikia. Wafaransa waliliona hilo upesi. Mlengaji anayenyamaza hana siri. Wakapanda ukuta, wakavunja, wakaingia kupitia bandani. Baring akatoa amri ambayo alikuwa ameizuia kutwa nzima: turudi, kupitia nyumbani, hadi bustanini.

Njia ile ilikuwa nyembamba, na wengi walikamatwa humo. Luteni usu Frank alimchoma kwa upanga Mfaransa wa kwanza aliyemjia, wa pili akamvunja mkono kwa risasi. Akakimbilia chumba cha kulala, akajificha nyuma ya kitanda. Askari wawili wakaingia chumba hichohicho, Wafaransa nyuma yao wakipiga kelele kwamba hakuna msamaha kwa hawa wahuni wa kijani. Wakawapiga risasi palepale, yeye akisikia. Hakuonekana, na alibaki humo hadi shamba lilipochukuliwa tena jioni.

Sare iliyowatenga na bohari ya jeshi lao iliwatambulisha pia kwa adui. Walengaji walichukiwa kuliko askari wengine, kwa sababu huua kwa kuchagua. Koti jekundu lingeweza kukuombea rehema pale ambapo la kijani lilikuhukumu.

Nani alipaswa kuleta risasi?

Maelezo ya kwanza humtupia lawama Baring. Wellington mwenyewe, katika miaka ya baadaye, alizungumzia kukosekana kwa njia ya nyuma ya kupitishia risasi, kwamba ingetosha kutoboa ukuta wa upande wa Waingereza. Namheshimu Wellington kama jemadari, lakini hoja hii haisimami. Njia ya nyuma ilikuwepo. Kombania mbili za kijani zilipita, kombania nyekundu ikapita, Wanassau 200 wakapita na masufuria yao. Palipopita sufuria pasingeshindikana kupita sanduku la risasi. Na ni kwa njia hiyohiyo maafisa wa Baring walikwenda kuomba.

Inasemwa pia kwamba Baring hakueleza wazi alichotaka, au alitumia risasi ovyo. Tupige hesabu. Risasi 60 kwa mtu, kwa bunduki inayopiga mara mbili kwa dakika, ni mapigano ya nusu saa yasiyokatika. Yeye alizifikisha kutoka saa nane hadi karibu saa kumi na mbili, wastani wa risasi moja kila dakika nne. Huo ni ubahili mkubwa. Nasi tunajua alituma maafisa zaidi ya mara moja; ukimtuma afisa mzima kuvuka uwanja unaopigwa mizinga, huombi kitu kidogo.

Maelezo ya pili ni kwamba gari la risasi za batalioni nyepesi lilipinduka au likakokotwa mbali katika msukosuko wa nyuma ya mstari. Sioni sababu ya kuyakataa. Nyuma ya jeshi lolote lililoshambuliwa na mizinga magari hukimbia. Lakini gari moja kupotea kungekuwa tatizo dogo kama risasi ile ingekuwa ya kawaida. Pale Hougoumont, ambako nako risasi zilikuwa zikiisha, askari mmoja wa kikosi cha magari aliwachapa farasi wake akashuka kilima katikati ya moto, akafikisha gari zima la risasi ndani ya ua. Aliweza kwa sababu Hougoumont ilishikiliwa zaidi na watu wenye gobori, na risasi ya gobori ilikuwa kwenye kila gari la jeshi zima. Mtu yeyote aliyeamua kuwasaidia angeweza kuchukua sanduku lolote. Wa Baring walihitaji sanduku maalumu, na mtu anayejua lilipo.

Nalo lilikuwepo karibu. Ng'ambo ya barabara, kwenye shimo la mchanga, walikuwa Waingereza wa rejimenti ya 95, wenye koti la kijani na bunduki ileile ya Baker. Ungeweza kurusha jiwe kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Lakini hao walikuwa chini ya divisheni nyingine, ya Picton. Baring alikuwa chini ya Ompteda, Ompteda chini ya Jenerali Alten, mkuu wa divisheni, Alten chini ya Mkuu wa Orange, mwana wa mfalme wa Uholanzi, na Orange chini ya Wellington. Ombi la risasi lilipanda ngazi hiyo mpaka mahali ambapo hakuna aliyekuwa na kazi ya kusema: wavukeni barabara, mkachukue kwa wale.

Alten ninamwona ana deni kubwa zaidi, nalisema kwa uzito kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwaongoza askari wepesi wa Lejioni huko Hispania. Katika ngazi ile nzima ndiye aliyeijua Baker kama mkono wake. Angeweza pia kuweka batalioni ya gobori shambani, na kuwaacha walengaji juu kilimani, nyuma ya ua wa miti, karibu na magari yao. Wapo watakaosema kwamba kushikilia majengo ni kazi ya walengaji hasa, na ni kweli kwa saa ya kwanza. Kwa saa nne kinachohitajika ni wingi wa risasi kupita usahihi wake.

Malipo ya kosa hilo hayakuishia kwa Baring. Shamba lilipoanguka, Wafaransa walisogeza mizinga hadi umbali wa mita mia chache, wakaanza kuvunja miraba ya katikati. Ompteda akaamriwa aipeleke batalioni ya 5, ile ya makoti mekundu, ikalirudishe shamba ikiwa imenyooka mstari mmoja. Alionyesha kwamba wapanda farasi wa Kifaransa wamejificha bondeni. Mkuu wa Orange, kijana wa miaka 22, akasisitiza. Ompteda akamgeukia Luteni Kanali von Linsingen, akamwomba ajaribu kuwaokoa wapwa zake wawili waliokuwa kwenye batalioni hiyo. Kisha akapanda farasi, akatangulia mbele ya watu wake hadi kwenye ua wa bustani ya mboga, akauawa akiwa katikati ya Wafaransa. Wapanda farasi wakaikumba batalioni kutoka ubavuni. Linsingen, ambaye farasi wake alipigwa, aliwakokota wale vijana wawili, nao wakapona.

Baring aliandika kwamba kati ya watu karibu 400 alioanza nao, mwisho wa siku alikuwa na 42 wanaoweza kupigana. Wengine waliotawanyika walirudi mmoja mmoja siku zilizofuata. Lejioni yenyewe ilivunjwa mwanzoni mwa 1816, watu wake wakaingia katika jeshi jipya la Hanover, na Baring akapanda hadi kuwa jenerali humo. Ompteda alizikwa karibu na lango la shamba.

Mwaka 1818 maafisa wa Lejioni waliwajengea wenzao mnara kando ya barabara ile, juu kidogo ya La Haye Sainte, ng'ambo yake, pale lilipokuwa shimo la mchanga la rejimenti ya 95.